Picha Yangu ya AVANT ku Mulango ya Salon

Nyinyi bajukuu bangu bote mwenye muko mu hii groupe ya famille, benye muko Goma, benye muko Uvira, na benye muko kule kwenye kunakuwaka baridi na munasomaka bila kujibu (ninawajua kwa majina), muweke chakula chini musome.

Leo nimepata haya.

Ile video munatumiana tangu midi, saa sita ya muchana, ya mwanamuke muzee mwenye uso nyeupe na sachet ya plastique ku kichwa, njo mimi. Musiulizane tena. Ninaandika na kidole moja, na miwani yangu iko na kioo moja tu yenye inaona. Nilisoma mpaka deuxième primaire, kisha baba akasema inatosha, mbuzi bananingojea. Kwa hiyo mutu mwenye ataona kosa ya kuandika ayiweke mu roho yake. Na mutu asinitumie kile kichwa kidogo ya manjano yenye inalia kwa kucheka. Najua inamaanisha nini. Nsimire alinifasiria.

Tuanze na Nsimire. Kwa benye bamesahau, ni mutoto wa marehemu Béatrice, binti yangu. Nilimulea tangu alikuwa na urefu wa sufuria. Alijifunza coiffure, kazi ya nywele, miaka mbili kwa masista, akatoka na diplôme, akaniomba chumba ya mbele, ile yenye inatazama barabara. Nikamupa. (Ndiyo, mimi. Musianguke.) Akaweka kioo, akaweka kiti yenye inazunguka, akaweka casque ya kukausha nywele, yenye inangojea courant ya umeme vile sisi bakristu tunangojea Bwana kurudi. Ku mulango akaandika SALON. Basi.

Wiki tatu zikapita. Clientes? Moja. Alikuwa anauliza njia ya Kadutu.

Tonton yenu Déo, mwana wangu wa kwanza, mutu wa akili nyingi sana, akaanza kukuya kila jioni kupima ile chumba kwa miguu. Hatua sita huku. Hatua ine kule. Anatafuta pa kuweka mifuko yake ya ciment. Dimanche iliyopita, kisha misa, akasema na sombe yangu, majani ya muhogo, bado iko mu kinywa yake: "Mama, kama mpaka samedi ku midi hakuna clientes mu ile salon, ninaingiza ciment. Nsimire ataenda Uvira kwa mama mudogo, atamusaidia kuuza samaki."

Nsimire akasimama, akaanza kukusanya masahani na batu bado banakula. Ule mutoto, kama anakusanya masahani mbele ya wakati, analia. Mimi nilijiuliza tu: akienda Uvira, ni nani atanisomea karatasi ya dawa? Ni hiyo tu nilijiuliza. (Muache kutafuta ingine.)

Lundi nikamuita. Nikamuuliza: hizi clientes zako ziliapa kwa nani kwamba hazitaingia hapa? Akatazama viatu byake. Akasema: "Koko, ni accueil."

Accueil ni nini? Akanifasiria kwamba ni namna mutu anapokelewa ku mulango. Anaona uso ya furaha, anaambiwa karibu, anapewa kiti, anasikia vizuri mu roho. Nikamwambia lakini mimi ninakuwaka pale ku mulango kila siku.

"Ndiyo, Koko," akasema.

Niliitazama ile "ndiyo" kwa muda murefu.

Ni kweli, ninaikalaka ku mulango ya salon na kiti yangu kidogo, ninachagua maharagi. Na kama musichana anafika, ninamupokea. Ninamuuliza: uko mutoto wa nani? Dimanche sikukuona ku misa, ulikuwa wapi? Hii suruali, uliivaa ao balikupaka rangi? Zamani hizo zilikuwa salamu. Mutu alishukuru. Basichana ba leo, kumbe, banataka kuingia mu nyumba ya batu bila kuulizwa kitu, sawa bezi ba usiku. Bane nilibapokea namna hiyo, bote bane, hata mbele ya kuingia, bakakumbuka ghafla kwamba baliacha chungu ku moto.

Nikafikiri usiku muzima. Asubuhi nikamwambia Nsimire: usihangaike, accueil nitaifanya mimi mwenyewe.

Hakuruka kwa furaha. Lakini akasema sawa, na yeye ako na wazo moja. Tutaweka ku mulango carton kubwa nyeupe. Upande wa kushoto AVANT, upande wa kuume APRÈS. Chini ya AVANT, picha ya kichwa mbele ya kutengenezwa. Chini ya APRÈS, kile kile kichwa kisha kutengenezwa. Batu banapita, banashangaa, banaingia. Inaomba tu kichwa yenye avenue muzima inajua, na yenye hakuna mutu alishaiona imependeza.

Akanitazama.

Sasa, mimi sipigwi picha kwa muchezo. Nilivaa kitenge yangu ya Assomption, nikavaa rozari ku shingo, nikaondoa kitambaa ku kichwa, nikaketi wima, nikafunga kinywa, nikatazama mbele vile mutu anatazamaka kwa picha ya carte ya kitambulisho. Nsimire akaniomba nicheke kidogo. Nikamuuliza kama mu AVANT banachekaka. Akasema hapana. Basi.

Mutu wa picha alikuwa amekosa wino ya rangi. Akaitoa nyeusi na nyeupe, kubwa sawa sinia. Ikabandikwa pale chini ya AVANT. Chini ya APRÈS pakabaki wazi, pakingojea samedi. Nikaona carton imekuwa na baridi, nikaizungushia maua ya plastique, ile ya violet yenye ninatoaka ku Toussaint kupeleka ku makaburi. Sikukuwa na maua ingine. Na ilikuwa inapendeza. Nilisema hivyo kwa sauti: inapendeza.

Sasa tufike leo, samedi, siku yenye Déo alitupa.

Asubuhi, saa kumi na mbili, nikaenda kutafuta biti. Utapokea batu namna gani kama hawana pa kuikala? Shirika yetu ya kanisa iko na biti makumi mbili ya plastique na shitingi moja nyeupe, kubwa, ya kufunga juu ya batu. Zilinunuliwa kwa feti ya ndoa na kwa kilio ya batu benye bamekufa. Feti, mu hii miaka, sijui ilikwendaka wapi. Kwa hiyo ile shitingi inajulikana na kila mutoto wa avenue, na kazi yake inajulikana. (Mimi pia nilijua. Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa nimesahau. Munisamehe, nilikuwa mu accueil.)

Biti na shitingi zinachungwa na Maman Zawadi, jirani yangu. Nilikuta ameenda soko. Nilikuta bwana yake, Papa Gervais. Papa Gervais, masikio zilimuacha zamani, na macho ziko na mawingu sawa mulima ya Kabare mu novembre. Nikasimama mbele yake, nikamwambia ninakuya kutwaa shitingi.

"Eh?"

"Shitingi. Na biti yote."

Akaondoa kofia.

"Ni nani?"

Nikajibu vile kila mutu anajibuka kama anaulizwa ni nani. Nikasema: "Ni Venantie."

"Venantie wa ku nyumba ya ngazi?"

"Wa ku ngazi."

Akafanya alama ya musalaba. Nikafikiri ni sala yake ya asubuhi. Kisha akauliza: "Ni lini?" Nikamwambia leo, saa tatu tunaanza. Akanipatia ufunguo, akanishika mukono na mikono yake mbili, akasema pole sana, mujikaze. Nikamwambia asante, lakini mizigo haiko mingi, niko na babebaji babili.

Hapo njo kila kitu ilifia. Mimi pia, kumbe.

Tulifunga shitingi mbele ya nyumba. Biti nikabipanga mu mistari ine, byote bikitazama carton. Carton nikaiweka juu ya meza ndogo yenye kitambaa nyeupe. Juu ya vile shitingi ilileta kivuli na uso yangu ya picha haikuonekana vizuri, na courant haikukuwa (ninawapa habari mupya), nikawasha mishumaa, bougie moja huku na bougie moja kule. Kando ya barabara nikaweka mafiga tatu na ile sufuria kubwa ya ubatizo, maji ichemke kwa kuosha bichwa ya clientes.

Nsimire akatoka. Akatazama biti, akatazama carton.

"Koko, hii biti..."

"Iko mu mistari. Unataka ikuwe namna gani, sawa mbuzi ku soko?"

"Na bougie?"

"Courant haiko."

"Na hii maua..."

"Ni violet. Ni rangi ya Kanisa."

Jua ilikuwa inapanda, midi ilikuwa inakuya, na Tonton Déo na ciment yake. Akasema tu: "Tuingie, Koko, nikutengeneze kichwa, APRÈS ikuwe tayari." Kisha, leo mangaribi, akanikubalia kwamba aliona kila kitu, lakini ni nani mu hii nyumba anaweza kuniambia kitu. Nikamujibu kwamba mimi ninasikiaka batu. Akakusanya masahani.

Tukaingia. Tukafunga rideau, pazia ya mulango. Akaniondoa kitenge isichafuke, nikabaki na jupon ya ndani na taulo ku mabega. Akaniosha kichwa. Akanipaka dawa nyeusi ku nywele, akafunga na sachet. Ku uso akanipaka crème nyeupe mazito, anasema inaondoa miaka. Nikamwambia ayiongeze. Inaomba kungoja dakika makumi tatu bila kusema. (Nsimire aliipenda sana hiyo sehemu, niliona.)

Njo nikasikia miguu.

Mbili mbili, tatu tatu, pole pole. Biti ikaanza kulia chini ya batu. Nikamufinya Nsimire ku mukono: unasikia? Accueil. Akataka kufungua rideau atazame, nikamukataza. Bangoje. Kitu yenye mutu anangojea njo anaitamani. Nilikuwa mukubwa sana mu ile dakika. Nilikuwa directrice.

Na batu balikuwa na heshima. Hakuna kelele, hakuna kucheka kwa basichana. Banasemezana chini chini. Mwanamuke moja akakaribia rideau, akasikiliza, akarudi akaambia bengine: "Banamuosha bado." Nikafurahi. Nikaona banafuata kazi vizuri.

Kisha bakaanza rozari.

Nikasema vizuri, salon inabarikiwa, ile salon ingine ya ng'ambo ya barabara, yenye musiki, haikubarikiwaka. Nikajibu Salamu Maria zangu chini ya crème. Kisha kuimba. Ilikuwa ule wimbo wenye tunaimbaka tukishusha mutu mu shimo. Nikamwambia Nsimire, na midomo isitembee, kwamba hii chorale haijawahi kujua kuchagua.

Vidole vya Nsimire vilikuwa vimesimama juu ya kichwa yangu.

Nje wimbo ikaisha. Katekista wetu, Papa Léonard, akakohoa. Akikohoa namna hiyo, ni mahubiri. Nikamusikia vizuri, kila neno.

"Ndugu zangu, mutazame hii carton. AVANT, munaona mutu. Ameketi, ako na sura yake, ako na rozari yake. APRÈS, munaona nini? Hakuna kitu. Ni weupe tu. Mimi ninahubiri hapa miaka mingi, lakini hii famille imenipita."

Batu bakasema kweli. Mutu akapiga makofi kidogo, akakumbuka, akaacha.

Nikamuuliza Nsimire: nani amekufa?

"Koko," akasema, na sauti ndogo, "nafikiri ni wewe."

Muelewe vizuri. Nilitaka kutoka pale pale. Nilishashika mikono ya kiti. Lakini kule nje Maman Zawadi akaomba neno. Maman Zawadi. Mwenye hatujasalimiana vizuri tangu jogoo yake ilikula mbegu zangu. Nikarudi kuikala. Nyinyi mungefanya nini?

Alilia kwanza. Kisha akasema: "Venantie amenitukana miaka makumi tatu. Kila asubuhi ninapita, ananiuliza juu ya nini ninatembea sawa mutu mwenye alipoteza sindano. Sombe yake ilikuwa chumvi tupu, na sisi bote tulikula, tukasema asante, juu ya woga. Lakini mwaka yenye mutoto wangu Zawadi aligonjwa, gari ikakosekana, ni yeye alimubeba ku mugongo mpaka ku barabara kubwa, akasimamisha lori kwa matusi, na ule dereva alitufikisha ku hospitali kule Katana bila kusimama, juu Venantie hakuacha kumutukana njia muzima. Sasa ni nani atatutukana?"

Batu bakalia. Kweli kweli. Nsimire pia akaanza kulia, mupumbavu, na mimi niko mbele yake. Mimi sikulia. Ile crème inachomaka macho.

Lakini chumvi? Miaka makumi tatu, na hakuna mutu alisema?

Nikasimama. Na nilikuwa nimeshafika ku rideau, wakati nilisikia pikipiki inafunga frein, na sauti ya Tonton yenu Déo. Alikuwa anakuya kuhesabu clientes. Aliona shitingi. Aliona biti. Aliona mama yake nyeusi na nyeupe katikati ya bougie mbili. Hakuuliza mutu. Nilisikia kitu inaanguka chini, plaf, na mwaka hii munajua matope yetu.

"Mama! Ninatupa ciment mu ziwa, Mama! Ile chumba ni ya Nsimire! Ibaki yake, hata na mulango, hata na dirisha, hakuna mutu ataigusa! Urudi tu, Mama!"

Nsimire alitaka kukimbia amwambie. Nikanyanyua kidole: ngoja. (Ndiyo. Najua. Nitaungama.) Nikangoja amalize. Akarudilia tena ile ya dirisha. Nikafungua rideau.

Nikasema: "Déo. Ile ya chumba, uirudilie kwa sauti. Batu ba nyuma habakusikia."

Mu mawazo yangu ilikuwa neno ya hekima. Nilikuwa nimesahau namna nilikuwa.

Mujiwekee mu akili: jupon. Taulo. Sachet nyeusi ku kichwa. Uso nyeupe pe, na dawa ya nywele yenye ilikuwa imeanza kushuka, mistari nyeusi mitatu, moja inapita katikati ya pua. Na nyuma yangu moshi ya sufuria, juu upepo uliamua leo njo siku.

Biti makumi mbili ilianguka pamoja. Chorale iliingia mu migomba ya jirani, soprano mbele. Maman Zawadi hakukimbia. Alijifunika na kitambaa ya meza, bougie, maua, yote, na carton ikamuangukia ku mugongo. Papa Léonard njo alibaki amesimama, nitamuheshimu kwa hiyo. Aliniinulia musalaba na akaniuliza kama ninatoka kwa Mungu ao kwa mwengine. Nikamwambia ninatoka mu salon.

Katikati ya hiyo yote, Papa Gervais alikuwa ameketi peke yake ku kiti ya mbele, na kofia ku magoti. Hakuona kitu. Nilikuwa nimepaza sauti, njo hiyo tu alisikia. Akasema: "Venantie, na wewe umekuya? Asante. Pole kwa Venantie."

Musichana mumoja wa chorale alikuwa na telephone mukononi. Ile video njo kazi yake. Ninamujua mama yake.

Sasa nilibaki pale, mu jupon, mbele ya shirika yote. Miaka yangu yote nilivaa kitambaa hata kwa kwenda kumwanga maji. Nilifanya vile kila mutu mwenye akili angefanya. Nilikemea. Niliuliza nani alisema nimekufa, nani alihakikisha, tangu lini mutu anaimbiwa wimbo ya kaburi bila mutu kuingia kutazama. Bakatoka mu migomba mumoja mumoja, vichwa chini. Maman Zawadi akatoka chini ya kitambaa, akanitazama kutoka sachet mpaka miguu, akasema: "Ni yeye. Haiko muzimu. Muzimu hatukanaki namna hii."

Na akaanza kucheka. Kisha bote. Nasema bote. Papa Léonard aligeuka akatazama ukuta, lakini mabega yake yalikuwa yanatembea.

Déo alikuwa bado ameketi mu matope, na suruali yake ya bureau. Akajaribu. Akasema Mama, unajua, mutu mu uchungu anasemaka mambo mingi. Papa Léonard akafuta macho, akamujibu: "Tulisikia bote, Papa Déo. Hata na dirisha."

Bangeenda kwao, na mimi ningefunga mulango mpaka Noeli. Lakini mvua ikakuya. Ile yetu ya hapa, yenye haipigaki hodi. Bote bakarudi chini ya shitingi, bakaokota biti, bakaikala. Na hapo njo nikaona kitu yenye tangu asubuhi ilikuwa mbele yangu.

Munajua kwetu. Mwanamuke haendaki ku kilio na misuko mupya. Anafungua kichwa, anafunga kitambaa juu, anaenda. Kwa hiyo nilikuwa na bamaman kumi na kitu, bote bichwa wazi, bote bameketi, mvua imebafunga, na maji ya moto sufuria muzima. Na hakuna mumoja mwenye angeweza kupita kesho mu misa na ile kichwa na kusema ni kilio, juu kilio ya nani?

Maman Zawadi njo alisimama wa kwanza. Akaingia mu salon, akaikala ku kiti yenye inazunguka, akaondoa kitambaa.

"Nilifungua misuko yangu juu yako, Venantie," akasema. "Ilikuwa haijamaliza hata wiki mbili. Banirudishie."

Nsimire akanitazama. Nikamwambia unangoja nini, cliente ako ku kiti.

Alisuka mpaka jua iliingia. Maman Zawadi, kisha mwengine, kisha basichana ba chorale banagombana ni nani anafuata. Alikuwa na kisanuo mu meno na anacheka kando ya kisanuo. Tangu mama yake alikufa sikumuona anacheka namna ile, na batu bamejaa mu mulango. Bengine babili bameomba mardi. Na hakuna hata mumoja niliuliza ni mutoto wa nani. Nilikuwa nyuma ya nyumba, ninaosha uso.

Juu yangu mimi, kwa kunikumbuka ilikuwa ni ku saa kenda. Ile dawa ya dakika makumi tatu ilikuwa imeikala masaa tano. Upande moja kichwa iko nyeusi sawa makala. Upande mwengine iko rangi ya mabati ya zamani. Nsimire anasema atarudilia lundi, kisha atanipiga picha na rangi, nikicheka, aibandike chini ya APRÈS.

Mangaribi, mbele ya chakula, nikaita bote mu nyumba. Nikabapa amri, na ninaiandika hapa pia ili Déo asiseme hakusikia. Shitingi na biti, Déo njo atairudisha, ku mugongo, mara mbili. Kiti yangu kidogo ya maharagi itoke ku mulango ya salon, iende nyuma, ku jikoni. Chumvi mu sombe inabaki vile iko. Carton irudi ku mulango, bila bougie. Na upande wa APRÈS, mutu asibandike kitu. Paikale weupe vile vile, vile Papa Léonard alihubiri.

Sina haraka.